Kila Dawa na Adui Wake: Dawa za Virusi katika Tiba ya Ugonjwa wa Lyme

Mfuko wa dawa huweza kueleza mengi kuliko barua ya rufaa. Mgonjwa wa Lyme ambaye maradhi yake yameendelea kwa miezi kadhaa hufika kliniki akiwa na mfuko wa namna hiyo mkononi. Ndani yake mna doksisaiklini aliyoandikiwa mara ya kwanza, antibiotiki ya pili aliyoongezewa baadaye, na paketi ya valasaiklovia, ambayo ni dawa ya virusi, aliyoambiwa aimeze sambamba na hizo nyingine kwa sababu huenda kuna virusi pia. Akiulizwa ni virusi gani, hana jibu. Kosa si lake. Aliyemwandikia dawa hakumtajia virusi hivyo kwa kuwa naye hakuvijua.

Neno hilo, huenda, linastahili kutazamwa kwa makini. Katika utabibu, huenda ni mwanzo halali wa uchunguzi, lakini ni msingi dhaifu wa kuandika dawa. Dawa ya virusi ina nafasi kando ya antibiotiki katika hali mbili: mgonjwa anapokuwa na virusi vilivyothibitishwa kwa jina, na hatari ya virusi fulani inapokuwa kubwa kiasi kwamba kusubiri majibu ya maabara kunaweza kumgharimu uhai. Nje ya hali hizo, kumwongezea mgonjwa wa Lyme dawa ya virusi ni kubahatisha kwa gharama ya mwili wake na mfuko wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini, maana Lyme si ugonjwa wa kawaida katika ukanda huu. Kupe wa jamii ya Ixodes wanaoueneza huishi hasa katika misitu na vichaka vya Marekani Kaskazini, Ulaya na sehemu za baridi za Asia. Hata hivyo, familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, sasa zina makazi Maine, Minnesota na Pennsylvania, majimbo ya Marekani ambako Lyme ni ugonjwa wa kila kiangazi, na nyingine zipo Ujerumani na Uswidi. Ndugu akiugua huko, simu hupigwa nyumbani, na anayeulizwa ni muuguzi, tabibu au mfamasia wa ukoo. Ushauri anaoutoa usiku ule unaweza kumfanya mgonjwa aendelee na dawa, aziache, au aongeze nyingine. Isitoshe, desturi ya kuongeza dawa bila kumjua adui ipo pia katika zahanati zetu, kama itakavyoonekana mbele.

Ugonjwa wenye chanzo kinachojulikana

Mwaka 1975, katika mji wa Lyme na miji jirani yake katika jimbo la Connecticut, Marekani, akina mama wawili waliitaarifu idara ya afya na madaktari kwamba watoto wengi wa eneo lao walikuwa wakivimba viungo kwa namna isiyo ya kawaida. Mmoja wao alikuwa Polly Murray, ambaye yeye na familia yake walikuwa wamesumbuliwa kwa miaka na maradhi yasiyopata jina. Daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale aliufuatilia mkasa huo, na mwaka 1977 maelezo ya kitabibu ya ugonjwa huo mpya yakachapishwa. Mwaka 1982 mtafiti Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kwamba wamemwona mhusika ndani ya kupe: bakteria mwembamba aliyejisokota mfano wa kizibuo, ambaye baadaye aliitwa Borrelia burgdorferi.

Historia hiyo ina maana kubwa kwa tiba. Lyme ni ugonjwa wa bakteria. Bakteria huyo ni wa ukoo mmoja mpana na yule wa kaswende, na ni ndugu wa karibu wa bakteria wa homa ya papasi. Kwa makadirio ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, watu wapatao 476,000 hugunduliwa na kutibiwa Lyme kila mwaka nchini humo.

Kwa wagonjwa wengi, dalili ya kwanza ni baka jekundu linalotanuka taratibu kuzunguka mahali kupe alipouma. Hutokea kati ya siku ya 3 na ya 30 baada ya kuumwa. Katika ngozi nyeusi, wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Baka laweza kuonekana la zambarau, la kahawia, au kama alama ya jeraha la zamani. Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba wagonjwa weusi hugunduliwa mara nyingi zaidi wakati ugonjwa umekwisha kusambaa. Mtumishi wa afya anayepigiwa simu na ndugu aliye Maine, basi, asiishie kuuliza kama kuna wekundu. Aulize kama kuna baka lolote lililotanuka siku hadi siku, na ahimize lionwe na daktari mapema.

Ugonjwa usipotibiwa, bakteria husambaa. Uso waweza kupooza upande mmoja, mapigo ya moyo yakavurugika, utando wa ubongo ukavimba, na miezi baadaye goti likajaa maji na kuuma. Hatua zote hizo hutibiwa kwa antibiotiki. Kwa mtu mzima mwenye baka tu, doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 10 hutosha, au amoksisilini kwa siku 14. Mishipa ya fahamu ikiguswa, tiba huchukua wiki 2 hadi 3, na kwa baadhi ya wagonjwa seftriaksoni hupitishwa katika mshipa wa damu. Viungo vikivimba, dawa za kumeza hutumika kwa siku 28. Miongozo iliyotolewa mwaka 2020 na vyama vitatu vya kitaalamu vya Marekani, cha magonjwa ya kuambukiza, cha mishipa ya fahamu na cha baridi yabisi, ndiyo inayoweka vipimo hivyo. Dawa ya virusi haimo katika tiba ya Lyme inayopendekezwa humo.

Virusi vya kupe na virusi vya dawa

Hoja inayosikika sana ni kwamba kupe hubeba zaidi ya bakteria mmoja, kwa hiyo ni busara kumfunika mgonjwa pande zote. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Kupe yuleyule anayebeba Lyme aweza kubeba Anaplasma, ambaye ni bakteria, au Babesia, ambaye ni kimelea wa chembe nyekundu za damu anayefanana kwa tabia na yule wa malaria. Aweza pia kubeba virusi: katika Marekani Kaskazini kuna virusi vya Powassan, na Ulaya na Asia kuna virusi vya homa ya ubongo ya kupe.

Sehemu ya pili ndiyo inayoanguka. Virusi vya Powassan na vya homa ya ubongo ya kupe havina dawa mahususi ya kuviua. Mgonjwa husaidiwa kupumua, hupunguziwa uvimbe na maumivu, na huangaliwa kwa karibu. Kwa homa ya ubongo ya kupe ipo chanjo, nayo hutolewa kabla ya kuumwa. Asaiklovia na valasaiklovia hazivigusi virusi hivyo. Dawa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya virusi vya jamii ya herpesi, vile vinavyoleta malengelenge ya mdomo na sehemu za siri, tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Virusi hivyo havienezwi na kupe.

Jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi kunaeleza kwa nini mambo yako hivyo. Asaiklovia ilitoka katika maabara ya Gertrude Elion, mwanasayansi aliyetunukiwa Nobel ya tiba pamoja na wenzake mwaka 1988, na sifa yake kuu ni uteuzi. Huingia mwilini ikiwa imelala. Kimeng'enya cha virusi vya herpesi ndicho kinachoiamsha, na ikishaamka huzuia virusi hivyo visinakili chembe zake za urithi. Pasipo virusi vya kuiamsha, hupita mwilini na kutolewa na figo bila kufanya kazi yoyote ya maana. Doksisaiklini nayo huzuia bakteria asitengeneze protini anazozihitaji ili aishi, lakini haiui virusi. Kila moja ina mlango wake na ufunguo wake, na kuongeza funguo hakufungui mlango ambao haukutengenezewa funguo hizo.

Hivyo mgonjwa wa Lyme aliyetibiwa ipasavyo na bado ana homa hasaidiwi na valasaiklovia. Anahitaji kipimo cha damu cha kutafuta Babesia, kwa kuwa kimelea huyo hauawi na doksisaiklini na ana dawa zake, atovakwoni pamoja na azithromaisini. Daktari anayeandika dawa ya virusi wakati huo aweza kudhani ameongeza ulinzi, kumbe amempa mhusika halisi muda wa kuendelea kuharibu damu.

Pale dawa hizo mbili zinapostahili kukaa pamoja

Ingekuwa kosa la upande wa pili kusema kwamba dawa ya virusi na antibiotiki hazikutani kamwe. Zipo hali ambamo kukutana kwake huokoa maisha, na kila mtumishi wa afya anapaswa kuzifahamu.

Ya kwanza ni mgonjwa anayefika na homa, kichwa kikali, kuchanganyikiwa au degedege. Hapo virusi vya herpesi simpleksi vinaweza kuwa vinaushambulia ubongo, na bila tiba ugonjwa huo huua wengi au huwaachia ulemavu. Asaiklovia huanzishwa kwa njia ya mshipa mara moja, pamoja na antibiotiki za homa ya uti wa mgongo, huku maji ya uti wa mgongo yakipelekwa maabara. Majibu yakishatoka, dawa isiyo na kazi husimamishwa. Msingi wa utaratibu huo ni kwamba adui anayehofiwa ana jina, ana kipimo, na kuna siku iliyopangwa ya kuamua.

Ya pili ni uso uliopooza. Katika maeneo ya Lyme, uso unaopooza ghafla wakati wa kiangazi waweza kuwa wa Lyme, ambao hutibiwa kwa doksisaiklini, au waweza kuwa wa aina ya kawaida isiyo na chanzo kinachoonekana. Kwa aina hiyo ya pili, jaribio kubwa lililofanywa Scotland na kuchapishwa mwaka 2007 liliwagawa wagonjwa 551 kwa kura. Baada ya miezi 3, wagonjwa 83 katika kila 100 waliopewa prednisoloni walikuwa wamepona, ikilinganishwa na 64 hivi kwa wasiopewa. Asaiklovia haikuongeza faida yoyote. Lakini yakiwepo malengelenge sikioni au mdomoni upande uleule, virusi vya mkanda wa jeshi ndivyo vinavyoshukiwa, na hapo dawa ya virusi ina haki kamili. Kuchungulia ndani ya sikio kwa nusu dakika ndiko kunakotenganisha dawa yenye sababu na dawa ya kubahatisha.

Ya tatu huwagusa wasomaji wengi wa jarida hili kwa karibu zaidi. Mgonjwa anayeishi na VVU hutumia dawa za virusi kila siku, maana ARV ni dawa za virusi. Akipata Lyme akiwa ughaibuni, au maambukizi mengine ya bakteria akiwa nyumbani, asiache ARV hata kwa siku moja kwa hofu ya kuchanganya dawa. Doksisaiklini inaweza kutumika pamoja na tiba yenye dolutegraviri. La kuangaliwa ni saa za kumeza. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, na vidonge vya chuma au kalsiamu, huzuia dolutegraviri na doksisaiklini zisifyonzwe vizuri, kwa hiyo mfamasia aulizwe namna ya kuzitenganisha. Klarithromaisini nayo huingiliana na baadhi ya ARV, na asaiklovia ya mshipani inapotolewa kwa mtu anayetumia tenofovia, figo zinahitaji kufuatiliwa. Mgonjwa amwambie daktari dawa zote anazotumia, na daktari amtengenezee mazingira ya kusema bila aibu.

Hoja ya wanaotetea kuongeza dawa

Wapo madaktari na wagonjwa wanaoamini kwamba Lyme hudhoofisha kinga ya mwili na kuamsha virusi vilivyolala, hasa vya Epstein-Barr, na kwamba uchovu usiokwisha ni kazi ya virusi hivyo. Si hoja ya kudharau. Virusi vya jamii ya herpesi hukaa mwilini maisha yote, na vinaweza kuamka kinga inapopungua.

Tatizo ni namna hoja hiyo inavyothibitishwa. Zaidi ya watu 90 katika kila watu wazima 100 duniani wamewahi kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, wengi wao wakiwa wadogo na bila kujua. Kingamwili zake hubaki katika damu. Kwa hiyo karatasi ya maabara yenye neno chanya mbele ya jina la virusi hivyo humweleza mgonjwa kwamba yeye ni kama jirani zake walio wazima. Haisemi kwamba virusi ndivyo vinavyomchosha. Zaidi ya hayo, maambukizi mapya ya Epstein-Barr yanaweza kufanya kipimo cha Lyme kitoe jibu chanya lisilo la kweli. Kijana mwenye homa, koo na tezi zilizovimba anaweza kuandikiwa dawa za Lyme na za virusi kwa pamoja, ilhali Lyme hana kabisa, na ugonjwa wake ungepona wenyewe.

Swali kama dawa hizi hutibu uchovu wa muda mrefu lilikwisha kupimwa. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 27 wenye uchovu sugu, waliopewa asaiklovia kwa kipindi kimoja na plasebo, yaani dawa isiyo na kiambata, kwa kipindi kingine, bila wao wala madaktari kujua ni ipi. Waliomaliza jaribio walikuwa 24. Kati yao, 11 walipata nafuu wakati wa asaiklovia na 10 walipata nafuu wakati wa plasebo. Wengine 3 walitolewa kwa sababu figo zao zilidhurika, ingawa zilirudia hali yake. Jaribio hilo lilikuwa dogo, na halikuwa la wagonjwa wa Lyme. Hata hivyo linafundisha jambo ambalo kila mtoa dawa anapaswa kulikumbuka: karibu nusu ya wagonjwa walijisikia nafuu walipopewa kitu kisicho na dawa ndani yake. Mtu anayesema valasaiklovia imemsaidia anasema kweli kuhusu nafuu yake. Kuhusu chanzo cha nafuu hiyo, ushahidi wake peke yake hautoshi.

Iwapo kweli kuna kundi la wagonjwa ambao virusi vilivyoamka vinawaumiza, njia ya kuwapata ni jaribio la tiba lenye kundi la kulinganisha, ridhaa ya mgonjwa na ufuatiliaji wa figo na damu. Kuwaandikia watu dawa mmojammoja kliniki, bila kumbukumbu na bila kulinganisha, hakuwezi kuzaa maarifa hayo hata baada ya miaka 20.

Gharama ya kujaribu tu

Husemwa kwamba kujaribu hakudhuru. Wagonjwa wa Lyme wamekwisha kulipia usemi huo kwa upande wa antibiotiki. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2001 liliwapa wagonjwa wenye dalili za muda mrefu seftriaksoni kwa siku 30 na kisha doksisaiklini kwa siku 60. Hawakupata nafuu kuliko waliopewa plasebo. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2016, lenye wagonjwa 280, liliongeza wiki 12 za antibiotiki juu ya wiki 2 za mwanzo, na halikuona faida ya ziada. Mwaka 2017 CDC ilieleza habari za wagonjwa watano waliopata maambukizi makali ya bakteria kutokana na tiba ndefu za namna hiyo.

Ikiwa kurefusha dawa inayomuua bakteria mhusika hakukuleta nafuu, ni vigumu kuona kwa nini dawa isiyomgusa bakteria huyo iongezwe kabla ya uchunguzi. Dawa za jamii ya asaiklovia hutolewa na figo. Mtu mzee, mwenye kisukari au asiyekunywa maji ya kutosha anaweza kudhurika, na dozi isipopunguzwa kwa mwenye figo dhaifu huweza kumletea mkanganyiko wa akili, ambao nao hudhaniwa kuwa ni Lyme iliyofika kichwani. Hapo dawa huzaa dalili, na dalili huzaa dawa nyingine.

Kuna pia madhara yasiyoonekana katika vipimo. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mgonjwa mwenye vidonge vingi vya kumeza kwa siku huanza kuruka baadhi, na mara nyingi anachokiruka ni kile kilichokuwa na kazi ya kweli. Fedha za valasaiklovia zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa za kipimo cha moyo, au za kutuma nyumbani kwa karo ya mtoto.

Somo kutoka kwa homa ya papasi

Afrika Mashariki na Kati inamjua ndugu wa bakteria wa Lyme kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1905 daktari Joseph Everett Dutton alifariki Kasongo, nchini Kongo, akiuchunguza ugonjwa unaoenezwa na papasi, kupe laini wanaojificha katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Bakteria wake aliitwa Borrelia duttonii kwa kumbukumbu yake. Homa yake hupanda, hushuka, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Kwa wajawazito huweza kuharibu mimba, na kwa watoto wachanga huua.

Bakteria huyo huonekana katika tone la damu lilelile linalopakwa kwenye kioo kutafuta malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwonyeshi. Zahanati iliyoacha darubini na kutegemea kipimo cha haraka peke yake humwona mgonjwa wa homa isiyo na jina, na hapo ndipo desturi ya kubahatisha huingia: dawa ya malaria ingawa kipimo ni hasi, antibiotiki yoyote iliyopo rafuni, na sindano ya kutuliza homa. Mgonjwa hutoka na mfuko unaofanana sana na ule wa yule wa Maine. Nchi ni tofauti, lakini kosa ni lilelile. Kila dawa imewekwa kwa ajili ya huenda, na hakuna aliyetazama kioo.

Jamii hii ya bakteria ina somo jingine. Saa chache baada ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, mgonjwa anaweza kutetemeka, kupanda homa na kuumwa mwili kuliko kabla ya dawa. Bakteria wanapokufa kwa wingi, mwili hupambana na mabaki yao. Hali hiyo ni kali zaidi katika homa ya papasi na huhitaji uangalizi. Kwa Lyme huwapata baadhi ya wagonjwa, kwa kawaida ndani ya saa 24, kisha hupita. Asiyeijua hudhani dawa imeshindwa au virusi vimeamka, naye huongeza dawa ya pili siku ambayo ya kwanza imeanza kufanya kazi. Mgonjwa aelezwe mapema kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Mgonjwa asiyepona apewe nini

Kukataa dawa isiyo na sababu kusigeuke kumkataa mgonjwa. CDC hukadiria kwamba wagonjwa kati ya 5 na 10 katika kila 100 waliotibiwa Lyme ipasavyo hubaki na uchovu, maumivu na kusahausahau kwa zaidi ya miezi 6. Dalili hizo ni za kweli. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ni mawazo tu ataondoka, na atampata mtu mwingine atakayemsikiliza na kumuuzia mfuko mzima wa dawa. Wengi walioangukia dawa zisizo na ushahidi walianza kwa kukosa wa kuwasikiliza.

Anachostahili ni uchunguzi wa pili uliotulia. Damu ipimwe kama ina upungufu, tezi ya koo iangaliwe, sukari, VVU na kifua kikuu vichunguzwe kulingana na historia yake, na Babesia atafutwe iwapo ametoka eneo lenye kimelea huyo. Usingizi, huzuni na maumivu vitibiwe kama matatizo halisi, kwa kuwa ndivyo yalivyo. Arudie shughuli zake kidogo kidogo, kwa kadiri mwili unavyoruhusu bila kumrudisha kitandani. Aelezwe pia kwamba kingamwili za Lyme hubaki kwenye damu kwa miaka baada ya kupona, hivyo kipimo kinachoendelea kuwa chanya hakithibitishi kwamba bakteria yupo. Na aambiwe ukweli wenye matumaini: walio wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita.

Kwa walio katika nchi za kupe, kinga ni bora kuliko tiba. Mwili ukaguliwe kila jioni baada ya kutoka msituni au kwenye nyasi ndefu, hasa nyuma ya magoti, kinenani, makwapani na kwenye nywele za watoto. Kupe abanwe kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja kwenda juu, na asichomwe moto wala kupakwa mafuta ya taa. Kwa kawaida bakteria wa Lyme huhitaji zaidi ya saa 24 kupita kutoka kwa kupe hadi kwa mtu, hivyo kumtoa mapema hupunguza sana hatari ya kuambukizwa. Aliyeumwa na kupe wa Ixodes aliyemganda saa 36 au zaidi, katika eneo lenye Lyme nyingi, amwone daktari ndani ya saa 72, kwani dozi moja ya doksisaiklini inaweza kumkinga.

Ndugu aliye mbali anapopiga simu na kusema ameongezewa dawa ya virusi, aliye nyumbani amshauri asiache antibiotiki zake, na amrudie daktari wake akiwa na maswali matatu. Virusi vinavyotibiwa vinaitwaje? Ni kipimo gani au dalili gani imevionyesha? Itajulikanaje kwamba dawa imefanya kazi, na itasimamishwa lini? Daktari mwenye sababu atayajibu kwa dakika 2, na dawa hiyo itastahili kumezwa. Asiye na majibu ana wajibu wa kurudi kwenye uchunguzi kabla ya kurudi kwenye kalamu.